Shikamoo Kabla ya Teke

Mimi ni mwoga, na sisemi hivyo ili nisifiwe kwa unyenyekevu. Nashtuka mlango ukigongwa, naruka mtu akipiga chafya. Nauza pembejeo hapa Kilosa, mbegu na dawa za mimea, na wateja wangu wa siku nyingi wamekwisha kunijua: mtu akinyoosha mkono ghafla kuchukua pakiti iliyo nyuma ya kichwa changu, nafumba macho. Kuna dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akinifanyia makusudi. Alinyanyua mkono kama anayejikuna, mimi nikafumba macho, yeye akacheka mpaka akashika kaunta. Nilimchukia kwa moyo wote, kisha nikajichukia mwenyewe zaidi, maana macho yalikuwa yangu.

Ndiyo sababu niliingia kwenye taekwondo. Wenzangu walikuja kutafuta afya, wengine kutafuta picha nzuri za kuweka kwenye simu. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: mtu anyanyue mkono au mguu mbele ya uso wangu, nami nibaki nimefumbua macho. Mama alipouliza kwa nini binti mzima anakwenda kurusha miguu na wanaume, nilimwambia ni mazoezi ya mgongo. Ningemwambia nini kingine?

Tulifanyia mazoezi kwenye bohari kuukuu karibu na reli ya zamani. Nusu ya sakafu ilikuwa na magodoro magumu ya mpira, na nusu ilifunikwa turubai la kuanikia mahindi, kwa sababu magodoro hayakutosha. Ukiteleza kutoka kwenye mpira kwenda kwenye turubai, goti lako linakupa habari. Gunia la kupigia mateke lilijazwa pumba za mpunga, na kila teke lilitoa vumbi la kutukohoza wote. Helmeti zilikuwa chache, tukazipokezana, kwa hiyo kabla hujapigwa kichwani ulikuwa umekwisha kuvaa jasho la aliyepigwa kabla yako.

Kocha wetu alikuwa mtu wa Kidodi, mfupi, mpole wa sauti, aliyejifunza mchezo huu Morogoro mjini. Hakuwa mkali. Ukali ningeuelewa, nimekua nao. Yeye alikuwa mtu wa kejeli.

"Dada, macho yako wapi?" aliniuliza wiki ya kwanza. "Umedondosha sindano?"

Nilikuwa naangalia chini. Aliyesimama mbele yangu alikuwa baba mmoja wa makamo, fundi seremala, na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemwamkia mlangoni. Mkubwa akishaamkiwa, macho yanashuka. Nimelelewa hivyo na sioni ubaya wake. Kumkodolea mtu mzima macho ni utovu wa adabu, na watoto wa mtaani kwetu walipata makofi kwa kosa hilo. Lakini kwenye mchezo huu ukishusha macho, unashushiwa kisigino. Yule fundi alinigusa ubavuni, taratibu kabisa, kisha akaniomba radhi, nami nikamwomba radhi kwa kuombwa radhi.

Kocha alitufundisha kutotazama uso wala miguu. "Tazama hapa," alisema akijigonga kifuani. "Na hapa," akashika nyonga. "Mguu unadanganya. Nyonga haijui kudanganya." Akatufundisha kurukaruka kwa vidole, kisigino kisiguse chini, ili mwili uwe tayari kwenda popote. Akatufundisha kunyanyua mguu wa mbele kupima umbali, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Teke likija usirudi nyuma moja kwa moja, toka pembeni. Ukishindwa kutoka, ingia ndani kabisa, mbanane kifua kwa kifua, maana teke linahitaji nafasi. Na ukipigwa, toa pumzi kwa ukelele. Nilidhani ukelele ule ni mbwembwe, mpaka siku nilipopigwa tumboni nikiwa kimya na nikakaa kwenye turubai nikitafuta hewa, nikiamini kwamba ninakufa, na ninakufa nimevaa helmeti ya kuazima.

Yote hayo niliyaweza kwenye gunia. Gunia sikuliogopa. Lakini mtu hai akinijia, mateke mawili matatu mfululizo, kitu kilipanda kutoka tumboni hadi kooni, masikio yakaziba, nami nikageuka. Nageuka mzima mzima, naonyesha mgongo, natoka nje ya mstari wa uwanja. Ni kosa kwa sheria za mchezo, na mpinzani anapewa pointi. Tulipofanya mashindano madogo ya ndani, niligeuka na kutoka mara nyingi kiasi kwamba watu waliacha kucheka wakaanza kunihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko.

Baada ya siku ile kocha alinifuata nikiwa navua kinga ya kifua.

"Kuna mashindano Mikumi mwezi ujao," alisema. "Utapigana. Ukitoka tena nje ya mstari kwa woga, basi. Nakuhamishia kwa wale wa mitindo ya kuonyesha, na kinga ya meno unaniachia."

Wale wa mitindo hawapigani na mtu. Wanapiga hewa kwa mpangilio, na wanapendeza sana. Siwadharau. Lakini hewa hainyanyui mkono mbele ya uso wa mtu, na mimi nilijua kwamba nikihamishiwa huko nitabaki kufumba macho nyuma ya kaunta mpaka nizeeke.

Sikulala vizuri siku zile. Chakula kilinishinda. Dukani nilimpa mteja dawa ya kuua magugu badala ya mbegu za ufuta, na bahati njema alikuwa anajua kusoma.

Kocha naye hakuwa ameninyamazia. Jioni moja alikaa juu ya ndoo akinitazama nikigeuka mbele ya kila aliyenijia, kisha akasimamisha mazoezi.

"Nimechoka kukukataza," alisema. "Wewe ukiogopa unageuka. Haya, geuka. Lakini ukigeuka, acha mguu nyuma. Umeona punda? Punda akiogopa haangalii heshima yako. Anakupa mgongo, halafu anakupa na kwato."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa teke la nyuma. Unageuza kisigino cha mguu wa mbele, unampa mpinzani mgongo, goti linapita karibu na goti, na kisigino kinakwenda moja kwa moja nyuma kwenye kifua chake kinachokuja. Nguvu yako ni ndogo, ila yeye mwenyewe anakuletea yake. Lina sharti moja. Kabla ya kurusha, lazima utazame juu ya bega. Usipotazama, unapiga ukuta.

Nilipiga ukuta sana. Niligeuka vizuri, kugeuka nilikuwa nimehitimu, ila macho yalifumba yenyewe kisigino kinapoondoka. "Bega!" kocha alipiga kelele. "Angalia juu ya bega! Unamwogopa nani huko nyuma?"

Niliyemwogopa huko nyuma alikuwa mwalimu wa nidhamu.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa ya bweni, na yeye alikuwa mwanamke, mwalimu wa hisabati aliyepewa na kazi ya nidhamu juu. Ukichelewa mstarini asubuhi, ukipatikana na simu, ukicheka wakati wa kujisomea, ulipelekwa kwake. Unasimama mbele ya meza, unasema shikamoo mwalimu, anaitika marahaba, maana adabu haikuachwa hata hapo. Kisha unatoa mkono, kiganja juu, macho chini. Ukivuta mkono, fimbo inahesabiwa upya. Hakuwa akipiga kelele. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha, ule utulivu, kama mtu anayesahihisha daftari. Nilipelekwa kwake mara nyingi kuliko wengine, kwa sababu mtu mwoga huchelewa, huangusha vitu, na akiulizwa swali hucheka bila sababu.

Tulikwenda Mikumi kwa gari la kukodi, Noah, tukiwa tumebanana na mabegi ya vifaa. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilitazama nje. Tulipofika kwenye barabara kuu, nyani walikuwa wamekaa kando wakisubiri maganda ya ndizi kutoka kwenye malori, wametulia kabisa, na niliwaonea wivu.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa harusi. Jioni ile kulikuwa na harusi kweli, kwa hiyo vitambaa vya zambarau vilikuwa vimekwisha kutundikwa, viti vimefungwa riboni, na mshereheshaji alikuwa anajaribu spika zake kona moja. Wenye ukumbi walitaka tumalize mapema. Wanawake wa uzito mkubwa tulikuwa wawili tu, mimi kutoka Kilosa na mmoja wa hapo Mikumi, kwa hiyo hapakuwa na cha kuchagua.

Nilimtambua kwa mgongo. Mwanafunzi hamwangalii mwalimu wa nidhamu usoni, anamwangalia akishapita, na mgongo ule nilikuwa nimeusindikiza kwa macho miaka minne. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za mchezo, anafunga kitambaa kichwani, mabega yake yakiwa yaleyale. Mkojo ulinijia, ingawa nilikuwa nimetoka chooni.

"Kocha," nilisema, "yule ni mwalimu wangu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa nidhamu."

Alicheka, kisha akaniona uso akaacha kucheka. Alisema kwamba amesikia habari zake, kwamba alihamishiwa Mikumi na akaanza mazoezi kwa sababu ya presha, halafu mchezo ukamkolea. "Leo hana fimbo," aliongeza.

"Siwezi kumpiga mwalimu wangu. Kocha, ni laana."

"Basi usimpige. Ila usitoke nje ya mstari."

Tuliitwa. Nilivaa helmeti, na ndani yake nikasikia pumzi zangu kama za mtu aliyejificha chini ya kitanda. Tulisimama tukitazamana. Sasa nilimwona usoni. Hakuwa mzee. Tulipokuwa shule tulimwona mtu mzima wa ajabu, kumbe wakati ule alikuwa na umri kama wangu wa sasa. Mwamuzi alitoa amri za Kikorea kwa lafudhi ya Morogoro, tukainama, na nilipokuwa nimeinama mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa.

"Shikamoo mwalimu," nilisema kupitia kinga ya meno.

"Marahaba," akaitika, wazi kabisa.

Macho yangu yakashuka. Nilikuwa mtoto wa kidato cha pili mbele ya meza. Mwamuzi akasema anza.

Raundi ya kwanza siikumbuki vizuri, nakumbuka sakafu. Nakumbuka miguu yake mikavu, na kucha zake zilizokatwa fupi. Teke la kwanza lilinipata ubavuni, la pili mlemle. Nilinyanyua mguu wa mbele kupima umbali, akaupita kama mlango ulioachwa wazi. Nilirudi, nikarudi, nikahisi mstari chini ya kisigino, na woga ukaniambia toka, toka, toka. Kengele ikanikuta nimesimama juu ya mstari wenyewe, sina pumzi, na ninajua raundi ya pili sitaimaliza.

Kocha hakunipigia kelele. Alinifungulia helmeti, akanipa maji.

"Umemwamkia?"

"Ndiyo."

"Kakuitikia?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo imekwisha. Mtu haamkiwi kila raundi."

Nilitaka kulia. Alinirudisha uwanjani kwa kunisukuma mgongoni.

Mwalimu alinijia mara moja, kwa utulivu wake uleule, na alipokaribia akanyanyua mkono wa kulia. Ilikuwa ni kujikinga tu, kila mchezaji hunyanyua mkono. Lakini mkono ulikuwa ule, na pembe ya kiwiko ilikuwa ileile. Masikio yakaziba. Nikageuka. Sikugeuka kwa ufundi, nisijisifu. Niligeuka kukimbia. Niliuona mstari mbele yangu, mwekundu, na nyuma yake viti vya harusi, na mlango. Na kwa kuwa nilimwogopa sana, kwa kuwa nilitaka kujua fimbo inafikia wapi, nilitazama juu ya bega.

Nilimwona. Kifua kizima kilikuwa kinakuja. Mguu wangu ukaondoka wenyewe.

Mlio wa teke lile ulikuwa kama wa gunia la mpunga linaloshushwa kwenye lori. Mwalimu wa nidhamu alikaa chini, miguu mbele, akiwa ameshika tumbo. Ukumbi ukanyamaza. Mshereheshaji peke yake ndiye aliyeendelea kule konani, moja mbili, moja mbili, akijaribu spika zake. Nami sikuwaza pointi. Nilichowaza ni kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mtu aliyenifundisha hisabati mpaka nikafaulu, nimemkalisha chini mbele ya watu.

Mwamuzi alianza kuhesabu. Sheria ni kwamba mwenzako akianguka unarudi kwenye nafasi yako na kusubiri. Lakini mimi nimelelewa kwamba mtu mzima akianguka unamkimbilia. Nilipiga magoti, nikamshika kiwiko, nikasema samahani mwalimu, samahani sana, sikukusudia. Mwamuzi akaacha kuhesabu, akanitazama kama mtu aliyeona kuku ameingia msikitini, na akanipa adhabu ya pointi.

"Toka hapa," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Rudi mahali pako. Nani amekwambia tumemaliza?"

Nilirudi mbio. Amri yake bado ilinifanyia kazi.

Aliinuka, akajipangusa, akaja. Tangu hapo woga wangu haukupungua, ni uongo kusema ulipungua. Ulizidi, maana sasa alikuwa na sababu. Lakini nilikuwa nimemwona mara moja, na macho yalikataa kushuka tena. Niliona nyonga yake ikianza kabla ya mguu, kama kocha alivyosema. Nilitoka pembeni, nikaingia ndani tukabanana, nikasikia anahema. Raundi ya mwisho alinipiga teke la kichwani, upande wa sikio, na niliuona unyayo ukija, vumbi lake na ufa wa kisigino, niliuona mpaka uliponifikia. Sikufumba. Sikutoka nje ya mstari.

Nilishindwa kwa pointi. Ile adhabu peke yake ilitosha kunifanya nishindwe. Nilipotoka uwanjani kocha alinifungua kinga ya kifua, kisha akaiokota kinga yangu ya meno iliyoanguka sakafuni, akaniwekea mkononi.

"Kaioshe," alisema. "Jumatatu utaihitaji."

Nilikwenda nayo bombani nyuma ya ukumbi. Mwalimu alikuwa hapo ananawa uso. Nilitaka kurudi nilikotoka, ila alikuwa amekwisha kuniona. Alifunga bomba, akajifuta kwa ncha ya mkanda, akanisogelea, na akanyoosha mkono wake wa kulia kunipa.

Mkono wangu nao ukatoka. Ulitoka kiganja juu. Na macho, ambayo hayakufumba kwa teke la kichwani, yakafumba.

Sikujua nimefanya nini mpaka nilipofumbua nikamwona bado amenyoosha wa kwake, anakitazama kiganja changu. Ndani ya ukumbi spika zilikuwa zimekubali, na wimbo wa harusi ukaanza.

Taratibu akanishika mkono, akaugeuza, akaushika kama watu wanavyoshikana.

"Juzi nilipoambiwa napigana na wewe sikulala," alisema. "Niliwachapa wengi mno. Nilikuwa najua ipo siku mmoja wenu atakuja, naye atakuwa ameruhusiwa kunipiga. Uliponiamkia ndipo nilipopata nguvu. Nilijua bado unaniogopa. Nikaitumia hofu yako."

Kiganja kilikuwa kinaniwasha ndani ya mkono wake, na nilimwogopa bado, nikamwonea na huruma, vyote kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kunifundisha mtu anasema nini hapo. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Shikamoo mwalimu."

Safari hii alikawia kuitika.